Uwe Seeler, Mtoto wa Bandari Aliyebaki Kwao

Katika darasa letu kuna picha moja tuliyoibandika ukutani, karibu na ramani ya dunia. Yaonyesha mtu mfupi, mwenye mapaja manene, aliyevaa nguo za mpira, akitembea kutoka uwanjani. Kichwa chake kimeinama, mabega yameanguka, mikono yaning'inia kama ya mtu aliyebeba ndoo mbili za maji. Nyuma yake waonekana wapiga tarumbeta wa Kiingereza.

Mwanafunzi mmoja alitutazama, akaitazama picha, akauliza: «Bwana Mwalimu, mtu huyu amefiwa na nani?» Wenzake wakacheka. Tukamjibu kwamba hakufiwa na mtu. Alishindwa mchezo wa mpira. Lakini jibu hilo halikumridhisha kijana, na kusema kweli halikuturidhisha hata sisi wenyewe. Ndiyo maana tumeona vema kusimulia habari za mtu huyo kwa urefu. Jina lake ni Uwe Seeler wa Hamburg, kapteni wa Ujerumani, aliyefariki tarehe 21 Julai 2022, mwenye umri wa miaka 85.

Wazee wetu wa mashariki ya Kongo waliwaita Wajerumani Wadachi, nao waliwajua hasa kwa bunduki, katika vita vya 1914 hadi 1918. Sisi tuliozaliwa nyuma twawajua kwa mashine, kwa dawa na kwa mpira. Basi tutazame mpira wao, na zaidi ya mpira, tumtazame mtu.

Baba na wana wawili

Hamburg ni mji wa bandari, ingawa bahari iko mbali nao zaidi ya kilometa mia moja. Meli kubwa huingia kwa njia ya mto Elbe. Katika bandari hiyo Erwin Seeler, baba wa Uwe, alifanya kazi kwenye mashua za mizigo, zile zichukuazo shehena kutoka melini mpaka ghalani. Ndugu zetu wa Kindu na wa Kisangani, waliozoea kuona kazi ya namna hiyo mtoni, hawana haja ya kuelezwa jinsi mgongo wa mtu unavyouma jioni. Lakini Erwin, baada ya kushusha mizigo, alicheza mpira, tena alicheza vizuri sana. Kwanza alikuwa katika timu ya wafanya kazi iitwayo Lorbeer. Mwaka wa 1932 aliiacha, akaingia katika timu ya Victoria, iliyokuwa ya watu wenye hali bora zaidi, na gazeti la wafanya kazi likamlaumu vikali kuwa amewatupa wenzake. Mwaka wa 1938 akahamia Hamburger Sport-Verein, ambayo watu huiita kwa herufi tatu tu: HSV. Msomaji alikumbuke jambo hili la baba kulaumiwa kwa kuhama, kwa maana tutalirudia.

Uwe alizaliwa tarehe 5 Novemba 1936. Kaka yake Dieter alikuwa amemtangulia kwa miaka mitano, naye pia alikuja kuwa mchezaji wa HSV. Uwe alipokuwa na miaka sita, mwishoni mwa Julai 1943, ndege za Waingereza na za Waamerika ziliumwagia mji wao mabomu, siku baada ya siku na usiku baada ya usiku. Watu waliokufa walizidi elfu thelathini. Mitaa mizima iligeuka kuwa mawe na majivu. Vita vilipokwisha, watoto wa Hamburg walicheza katikati ya magofu, na mpira wa kweli wa ngozi ulikuwa kitu cha thamani kama mkate. Vijana wetu wanaofunga matambara na mifuko kwa kamba wapate kitu cha kupiga wasidhani kwamba shida hiyo ni yao peke yao.

Mwaka wa 1946 Uwe aliandikwa katika timu ya watoto ya HSV. Hakuacha kujifunza kazi nyingine: alisomea ukarani wa usafirishaji wa mizigo, kazi ya mji wa bandari kabisa. Twasema hili kwa makusudi, kwa sababu katika Ujerumani ya siku zile hapakuwa bado na mtu aliyetazamia kutajirika kwa mpira. Sheria za mchezo ziliruhusu mchezaji kulipwa Mark mia chache tu kwa mwezi, na wengi walikwenda kazini asubuhi na mazoezini jioni. Hata mkufunzi wa HSV wa miaka hiyo, Günter Mahlmann, alikuwa mwalimu wa shule. (Sisi walimu tusijisifu mno, lakini tumefurahi kulijua jambo hilo.)

Mfupi aliyeruka juu ya warefu

Tarehe 4 Julai 1954, mjini Bern katika Uswisi, Wajerumani waliwashinda Wahungaria 3 kwa 2, wakawa mabingwa wa dunia kwa mara ya kwanza. Kijana Uwe hakuwako. Lakini baadaye kidogo wengi wa mabingwa wale waliugua ugonjwa wa ini, na mkufunzi Sepp Herberger akalazimika kutafuta watu wapya. Tarehe 16 Oktoba 1954, mjini Hannover, Ujerumani ilipocheza na Ufaransa, Herberger alimwingiza uwanjani kijana wa Hamburg ambaye bado hajatimiza miaka kumi na minane. Wajerumani walishindwa 3 kwa 1. Huo ndio mwanzo.

Mtu akimwona Seeler kwa mara ya kwanza hakudhani kwamba ni mshambulizi. Urefu wake ulikuwa kama mita 1 na sentimita 70 tu, na mwili wake ulikuwa umejaa, hata wenzake wakamwita «mnene». Walinzi waliowekwa kumchunga walimpita kwa kichwa kizima. Walakini mabao yake mengi aliyafunga kwa kichwa. Inakuwaje? Siri haikuwa urefu wa mifupa, bali ujuzi wa saa. Mlinzi mrefu husubiri mpira umfikie. Seeler aliuona bado uko njiani, akaruka kabla ya mwenziwe, na mwenziwe alipoinuka mpira ulikuwa umekwisha kuingia wavuni. Alipewa mipira hiyo hasa na Gert Dörfel, mchezaji wa pembeni kushoto, mwenye mbio na mzaha mwingi, ambaye alijua kuutia mpira mahali ambapo mwenzake atakuwa, si mahali alipo.

Na kama mpira ulimjia nyuma yake? Hapo alijitupa hewani chali, mgongo kuelekea lango, akaupiga juu ya kichwa chake mwenyewe. Huanguka kwa kishindo, huinuka, hukimbia tena. Watu wa Hamburg walimpenda kwa kuinuka huko kuliko kwa mabao. Katika lugha yao ya pwani, isiyo ile ya vitabuni, wakamwita «Uns Uwe», maana yake Uwe wetu. Sisi tunaosema kila siku baba yetu, mji wetu, mtoto wetu, twaelewa uzito wa neno hilo dogo.

Kabla ya 1963 Ujerumani haikuwa na shindano moja la taifa zima. Kila upande wa nchi ulikuwa na lake, na washindi walikutana mwishoni. Upande wa kaskazini HSV ilishinda kila mwaka tangu 1955 mpaka 1963. Katika shindano hilo la kaskazini Seeler alicheza michezo 237, akafunga mabao 267. Msomaji ahesabu mwenyewe: ni zaidi ya bao moja kwa kila mchezo, miaka na miaka. Lakini ubingwa wa nchi nzima uliponyoka. Mwaka wa 1957 walifika mwisho wakashindwa na Dortmund; mwaka wa 1958 wakashindwa na Schalke. Tarehe 25 Juni 1960 wakafika tena, mjini Frankfurt, wakikabili 1. FC Köln. Zilikuwa zimebaki dakika chache, matokeo 2 kwa 2, ndipo Seeler alipofunga bao lake la pili siku hiyo, na HSV ikawa bingwa. Dieter, kaka yake, alikuwa pamoja naye uwanjani. Mwaka huo huo waandishi wa michezo walimchagua kuwa mchezaji bora wa Ujerumani. Yeye ndiye wa kwanza kupewa heshima hiyo, nayo akapewa tena mwaka wa 1964 na wa 1970.

Siku za mashauri katika hoteli

Kwa ubingwa huo HSV ilipata kuingia katika Kombe la Ulaya. Waingereza wa Burnley waliwashinda kwao 3 kwa 1. Mjini Hamburg wakalipizwa 4 kwa 1, mabao mawili ya Seeler. Kisha wakakutana na Barcelona. Kule Hispania walishindwa bao moja kwa sifuri. Mjini Hamburg waliongoza 2 kwa 0, na mlango wa mchezo wa mwisho ulikuwa wazi mbele yao, hata dakika ya mwisho kabisa, Mhungaria Kocsis wa Barcelona alipoupiga mpira kwa kichwa ukaingia. Ikabidi wakutane mara ya tatu, mjini Brussels, tarehe 3 Mei 1961, nao wakashindwa 1 kwa 0. Kocsis huyo alikuwa mmoja wa Wahungaria walioshindwa na Wajerumani pale Bern. Mpira una kumbukumbu ndefu.

Katika majira hayo ya 1961 alifika Hamburg mtu mmoja mwenye maneno mengi na mkoba mzito: Helenio Herrera, mkufunzi wa Internazionale ya Milano. Alikaa katika Hoteli Atlantic, mojawapo ya hoteli kubwa za mji, akamwita Seeler, wakafanya mashauri siku kadhaa. Alimtolea fedha nyingi, mamia ya maelfu ya Mark, mali ambayo mtu wa mashua za bandari asingeipata hata angeishi maisha mawili. Mjini watu hawakuzungumza jambo jingine. Seeler alikuwa na miaka 24. Alikuwa amemwoa Ilka mwaka wa 1959. Mguu mmoja ukivunjika, yote yamekwisha. Nani angemlaumu kwa kuchukua fedha?

Akakataa. Herrera alirudi Italia bila mshambulizi wake.

Hapa sisi walimu twapenda kukimbilia mafundisho: tazameni, vijana, mtu asiyependa fedha! Lakini tukifanya hivyo hatutasema kweli yote. Kweli ni kwamba Seeler hakubaki mikono mitupu. Adi Dassler, mwenye kiwanda cha viatu cha Adidas, alimpa kazi ya kuwa wakala wake kwa upande wa kaskazini ya nchi. Tangu hapo Seeler alizunguka kwa gari lake mji hata mji, akiuza viatu na nguo za michezo madukani, kisha akarudi mbio apate kuwahi mazoezi. Kazi hiyo ilikuwa ya kudumu. Isingekatika siku miguu itakapochoka. Kwa hiyo hakuchagua kati ya utajiri na umaskini. Alichagua kati ya mali nyingi sana ya miaka michache ugenini, na riziki nzuri ya siku zote nyumbani. Twaona kwamba uchaguzi huo ni wa mtu mwenye akili, si wa malaika.

Tena alipoteza kitu, na kitu hicho tusikifiche. Mwaka huo huo Herrera alimchukua Mhispania Luis Suárez, na Inter ikatwaa Kombe la Ulaya mwaka wa 1964 na tena mwaka wa 1965. Seeler hakulishika kombe hilo maishani mwake. Wajerumani wengine wa wakati wake walikwenda Italia: Szymaniak, Haller, Schnellinger. Hawakuwa watu wabaya. Mwaka wa 1968 HSV ilipofika mchezo wa mwisho wa kombe la Ulaya la washindi wa vikombe, mjini Rotterdam, ilishindwa 2 kwa 0 na AC Milan. Na katika ulinzi wa Milan alisimama Schnellinger yule yule.

Tumefikiri pia juu ya vijana wetu. Mchezaji wa Lubumbashi au wa Bukavu apatapo leo barua ya kumwita Ulaya, nyuma yake wako mama, wadogo zake, ada za shule, na nyumba isiyo na bati. Hana Dassler wa kumpa kazi mtaani kwake. Mtu akimwambia, «Mfuate Seeler, baki,» hamtendei haki. Na baba wa Seeler mwenyewe, je, hakuhama mwaka wa 1932, akalaumiwa? Mwana alibaki kwa sababu aliweza kubaki. Lakini wako wengi walioweza wasibaki, na hiyo ndiyo sababu Hamburg haikumsahau.

Mkano wa kisigino

Mwaka wa 1963 shindano la taifa zima, Bundesliga, lilianzishwa, lenye timu 16. Mwaka huo huo, katika mchezo wa mwisho wa kombe la nchi, HSV iliishinda Dortmund 3 kwa 0, na mabao yote matatu yalikuwa ya Seeler. Mwaka wa kwanza wa Bundesliga ulipokwisha, yeye ndiye aliyewapita wote kwa mabao: 30.

Tarehe 20 Februari 1965 walicheza mjini Frankfurt. Katikati ya mchezo Seeler alianguka, wala hapakuwa na mtu aliyemgusa. Mkano mkubwa unaounganisha nyama ya mguu na kisigino ulikuwa umekatika. Kwa mtu akimbiaye, mkano huo ni kama kamba ya upinde: upinde ukiwa mzima na kamba imekatika, hakuna mshale utakaoruka. Siku zile ajali hiyo ilikuwa mwisho wa wachezaji wengi. Seeler alikuwa na miaka 28. Magazeti yalianza kuandika habari zake kama za mtu aliyekwisha kupita.

Waganga walimpasua, wakaushona mkano. Miezi ilipita ya kitanda, ya fimbo, ya kujifunza kutembea upya. Dassler alimtengenezea kiatu cha pekee cha kukilinda kisigino. Kisha likaja swali gumu. Ujerumani ilikuwa inatafuta nafasi ya kwenda Kombe la Dunia la 1966, na katika mchezo wa kwanza, mjini Berlin, ilikuwa imetoka sare 1 kwa 1 na Uswidi. Ilibidi kushinda kwa Waswidi wenyewe, mjini Stockholm. Helmut Schön, aliyemrithi Herberger, je, amchukue mtu aliyeshonwa mguu miezi saba tu iliyopita?

Alimchukua. Tarehe 26 Septemba 1965 alimweka Seeler uwanjani, na pamoja naye kijana wa miaka 20 ambaye hajawahi kuchezea taifa hata mara moja, Franz Beckenbauer. Waswidi walitangulia kufunga. Krämer akasawazisha. Baada ya mapumziko Seeler akafunga la pili kwa mguu, likawa la ushindi. Twakiri kwamba katika habari zote za Seeler hakuna inayotugusa kama hii. Mabao 267 ya kaskazini ni hesabu. Bao la Stockholm ni mtu aliyeweka mguu wake mizani asijue kama utastahimili.

Wembley, na picha yetu

Sasa twafika kwenye picha. Tarehe 30 Julai 1966, mjini London, Ujerumani ikiongozwa na kapteni Seeler ilicheza na Uingereza mchezo wa mwisho wa Kombe la Dunia. Tuseme pembeni kwamba Afrika haikuwako huko: nchi zetu zilikataa kushiriki, kwa sababu FIFA ilikuwa imeziwekea nafasi moja tu ya kugombania pamoja na nchi za Asia na za Oceania.

Ujerumani ilifunga kwanza kwa Haller. Waingereza wakasawazisha, wakaongoza, na katika dakika ya 89 Weber akaifanya 2 kwa 2. Ikaongezwa nusu saa. Katika dakika ya 101 Geoff Hurst alipiga mpira, ukagonga mti wa juu wa lango, ukaanguka chini, ukaruka nje. Je, uliangukia ndani ya mstari au juu yake? Mwamuzi Dienst, Mswisi, hakuona. Alimwendea msaidizi wake Bahramov, mtu wa Azerbaijani katika Muungano wa Kisovieti, na msaidizi akaitikia kwa kichwa: bao. Ubishi huo haujakwisha hata leo. Seeler mwenyewe alisema mpaka uzeeni kwamba mpira haukuingia. Hurst alifunga tena mwishoni, ikawa 4 kwa 2. Wajerumani walisikitika, wakapeana mikono na washindi, wakaenda zao, na Waingereza wenyewe waliwasifu kwa hilo.

Picha ya mtu aliyeinama ilipigwa siku hiyo, nayo ikaenea duniani kote. Tena kuna mabishano juu yake: wengine hudai kwamba ilipigwa wakati wa mapumziko, matokeo yakiwa bado 1 kwa 1, kwa kuwa wapiga tarumbeta wako tayari kuingia uwanjani, wengine hushikilia kwamba ni baada ya filimbi ya mwisho. Kama wa kwanza wana haki, basi tulichokiona sote kuwa huzuni kilikuwa uchovu tu, au pengine mtu akitazama kamba za viatu vyake. Tumemweleza mwanafunzi wetu hivyo. Akafikiri, akasema: «Hata hivyo, Bwana Mwalimu, alikuwa anajua.» Hatukumuuliza alijua nini.

Meksiko

Miaka minne baadaye Seeler alikuwa na miaka 33, nywele zimempungua. Kulikuwa na mshambulizi mpya, Gerd Müller wa München, mfupi kama yeye na mwepesi kuliko yeye, na magazeti yalipiga kelele: mmoja wao lazima akae nje. Schön aliwalaza wote wawili katika chumba kimoja, kisha akawaingiza wote wawili uwanjani. Seeler, kapteni, mwenye jina, alikubali kurudi nyuma, akakimbia katikati ya uwanja na kumtafutia mwenzake mipira. Müller alifunga mabao kumi katika shindano hilo.

Mchezo wao wa kwanza, tarehe 3 Juni 1970, mjini León, ulikuwa na Maroko. Safari hii Afrika ilikuwa imepewa nafasi yake yenyewe, na Maroko ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kufika Kombe la Dunia tangu Misri mwaka wa 1934. Katika dakika ya 21 Houmane Jarir aliwafungia Wamaroko, na Wajerumani walikwenda mapumzikoni wameshindwa. Ni Seeler aliyesawazisha katika dakika ya 56. Müller akafunga la pili zikibaki dakika kumi. Kwa bao hilo Seeler alikuwa amefunga katika Makombe manne ya Dunia: 1958 kule Uswidi, 1962 kule Chile, 1966 na 1970. Siku ile ile, mjini Guadalajara, Pelé wa Brazili alifanya vivyo hivyo. Hapakuwa na mtu kabla yao. Sisi Waafrika tuna sababu ya kulikumbuka bao hilo kwa uchungu kidogo.

Tarehe 14 Juni wakakutana tena na Waingereza, na Waingereza wakaongoza 2 kwa 0. Beckenbauer alirudisha moja. Dakika ya 82 Schnellinger, yule wa Milano, aliuinua mpira juu ya walinzi. Seeler alikuwa amelipa lango kisogo. Hakupata nafasi ya kugeuka; aliruka kinyumenyume, akaugusa mpira kwa kisogo, nao ukapaa polepole juu ya kipa Bonetti ukaingia. Müller akamaliza kazi katika nyongeza: 3 kwa 2. Siku tatu baadaye wakashindwa na Italia 4 kwa 3, wachezaji wakianguka kwa joto na hewa nyembamba ya mji wa juu.

Tarehe 9 Septemba 1970, mjini Nürnberg, aliichezea Ujerumani mara ya mwisho: michezo 72, mabao 43. Tarehe 1 Mei 1972 akawaaga watu wa Hamburg. Sasa tazameni miaka hii. Alianza miezi mitatu baada ya Ujerumani kuwa bingwa wa dunia. Aliacha mwezi mmoja na nusu kabla ya Ujerumani kuwa bingwa wa Ulaya, na miaka miwili kabla ya kuwa bingwa wa dunia tena, mwaka wa 1974, nyumbani kwao, shindano lile lile ambamo nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati huo, ilicheza na kupata aibu ya mabao tisa mbele ya Yugoslavia. Mashahidi wachache wa mpira wamefika karibu na shangwe namna hiyo, mara mbili, wakazikosa zote mbili.

Baada ya hapo aliendelea kuuza viatu. Mwaka wa 1978, katika safari ya kazi hiyo, alicheza mchezo mmoja katika Irelandi, pamoja na timu ya Cork Celtic. Alidhani ni mchezo wa kirafiki, kumbe ulikuwa wa shindano la nchi. Walishindwa 6 kwa 2, na yote mawili aliyafunga yeye, mwenye umri wa miaka 41. Mwaka wa 1995 HSV ilimfanya kuwa mwenyekiti wake, na hapo hakufanikiwa. Watu aliowaweka kuongoza mambo ya fedha waliiingiza klabu katika biashara mbaya za nyumba, na mwaka wa 1998 akajiuzulu. Yeye mwenyewe hakushukiwa wizi. Kosa lake lilikuwa kuwaamini watu upesi. Mtu aliyejua kabla ya wote mpira utaangukia wapi hakuijua njia ya fedha.

Mji ulimsamehe haraka. Mwaka wa 2003 ulimpa uraia wa heshima, ambao hakuna mwanamichezo mwingine aliyekuwa ameupata kabla yake. Aliishi na Ilka miaka 63 ya ndoa, wakapata binti watatu na wajukuu. Alipofariki, walimkumbuka katika uwanja wa HSV tarehe 10 Agosti 2022.

Nje ya uwanja huo uko tangu 2005 mguu mmoja mkubwa wa shaba, mrefu kuliko mtu, uliofanywa kwa mfano wa mguu wa Seeler. Vidole vyote vitano vyaonekana, kucha na mishipa pia. Fundi hakuuvika kiatu.